Kamera ya helikopta haioni chumbani kwako

Taja helikopta ya polisi kwenye baraza yoyote ya kahawa Unguja, hukosi wa kukwambia: "Ile ina kamera, inaona mpaka chumbani." Si kweli.

Kamera ile ya helikopta ni ya joto, na haipenyi ukuta. Inasoma joto linalotoka kwenye uso wa kilicho mbele yake, basi. Ukuta wa mawe wa Mji Mkongwe utaionyesha joto la jua ulilolinyonya mchana kutwa, si waliomo ndani. Hata kioo cha dirisha huizuia, ajabu hiyo. Faida yake iko nje: aliyejificha kichakani usiku huonekana kama doa jeupe.

Baharini ndiko watu hukosea zaidi. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikienda Pemba. Katika ajali kama ile, kamera hukamata kichwa kilicho juu ya maji. Mwili uliozama hauonekani kabisa. Tena bahari yetu ni vuguvugu, kwa hiyo kichwa kilicholowa hakitofautiani sana na maji. Ndiyo maana rubani bado huhitaji taa kali, na boti ya kuielekeza penye lile doa.