Je, kuchoma shamba kunaongeza rutuba?

Wakulima wengi huamini kuwa kuchoma mabua kabla ya mvua kunarutubisha shamba. Imani hii ina chanzo: majivu yana virutubisho vya mimea kama potasiamu na kalisi, na msimu wa kwanza mahindi huweza kustawi kweli. Lakini naitrojeni, kirutubisho kingine, nyingi iliyokuwa kwenye mabua hupotea na moshi, na udongo hubaki uchi. Mvua kubwa ikipiga huuzoa, pamoja na majivu yenyewe. Inaniuma kila ninapoona mfereji ukitiririka maji mekundu.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Tafuta shamba lililochomwa na la jirani lililotandazwa mabua. Siku tatu baada ya mvua, chimba mashamba yote mawili kwa jembe. Finyanga udongo kiganjani, pima unyevu, hesabu minyoo. Rudia msimu unaofuata.