Je, wajua? Mvua ya Moshi ilikuwa theluji kabla ya kukulowesha

Usiku wa masika mvua hugonga mabati ya Moshi mpaka redio haisikiki. Asubuhi mawingu yakiachia, unaona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni cheupe kuliko jana. Watu husema: "Huku ilinyesha mvua, kule juu ikaanguka theluji," kana kwamba ni vitu viwili. Mara nyingi ni kitu kimoja. Iliyokulowesha wewe pale Majengo ilikuwa theluji pia, ikayeyuka njiani.

Piga hesabu. Moshi mjini ni kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu. Siku ya nyuzi 25 mjini, sifuri utaikuta karibu mita 4,700. Sasa yale mawingu meusi yenye radi hayaishii hapo. Vichwa vyake huweza kupita mita 10,000, mbali juu ya Kibo chenye mita 5,895. Sisi tunajipepea huku chini, wingu lenyewe nusu yake iko kwenye baridi ya kugandisha.

Humo ndani kuna jambo ambalo mimi hunishangaza kila nikilifikiria: vitone vya maji havigandi mara tu vinapofika sifuri. Vinaweza kubaki maji hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kukosa chembe ya kuanzia, vumbi kwa mfano. Vichache vinavyoipata hugeuka barafu, na barafu hiyo huwanyang'anya majirani mvuke wao. Vitone vinakauka, barafu inanenepa, ikishakuwa nzito inashuka. Ikiukuta mlima mapema, inatua theluji. Isipoukuta inaendelea kushuka, inayeyuka, inafika Kiboriloni ikiwa mvua. Ule ukingo wa chini wa weupe wa asubuhi, basi, uko karibu na pale theluji ilipogeuka maji.

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliripoti kuiona theluji hii. Huko Uingereza, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ambaye hakuwahi kuuona mlima, alimkatalia katakata. Theluji karibu na ikweta? Kiongozi wa msafara wa Rebmann hakuwa na ubishi wowote: weupe ule aliuita "baridi", basi.

Si mvua yote inayoanza kama theluji lakini. Manyunyu ya Juni na Julai, yale yanayomfanya mtu wa Arusha ashinde na koti, kwa kawaida hutoka kwenye mawingu mafupi yasiyofika kwenye barafu. Vitone vyake hugongana na kuungana maji kwa maji, na havipati nafasi ya kukua sana.

Na mvua ya mawe je? Kama theluji inayeyuka kabla ya kufika mjini, mbona mawe yanafika, tena mchana wa jua kali? Jua lenyewe ndilo linaloyatengeneza. Ardhi ikipata moto, hewa hupanda kwa nguvu ndani ya wingu na kuizuia barafu isianguke. Ikielea humo hugongwa na vile vitone ambavyo bado ni maji, navyo huigandia. Inavimba mpaka upepo unashindwa kuibeba, halafu inashuka kwa kasi na ukubwa ambao joto haliwahi kuumaliza. Vihamba vya juu, yale mashamba ya migomba ya mlimani, vina hatari zaidi, maana mawe hayana safari ndefu ya kuyeyukia. Ndiyo maana mvua moja huweza kuacha majani ya migomba yakining'inia kama kamba.

Radi ikishatulia, okota jiwe kubwa ulikate kwa kisu haraka. Huenda ukaona tabaka kama za kitunguu. Palipo peupe kama maziwa, maji yaliganda ghafla yakafungia hewa ndani. Palipo angavu kama kioo yaliganda polepole, hewa ikawahi kutoka.