Chembe hupangwa kabla ya tanuri

Ukibonyeza kiwashio cha jiko la gesi kikalia "tak!", cheche ile imetoka kwenye kipande kidogo cha seramiki kilichogongwa. Seramiki hiyo, inayotoa umeme ikigongwa, kwa kawaida ni PZT (zirkonati-titanati ya risasi), na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, metali yenye sumu. Hapa Kampala kifaa kikifa hutupwa jalalani au mtaroni, na risasi haiozi.

Ndiyo maana nimeng'ang'ana na niobati ya potasiamu na sodiamu, seramiki isiyo na risasi inayoweza kufanya kazi hiyo hiyo. (Niobi, metali iliyomo ndani yake, imo kwenye vilima vya Sukulu, Tororo.) Ukiichoma kikawaida hutoa umeme kidogo, kwa sababu kila chembe, yaani kila fuwele ndogo iliyomo, imetazama upande wake, kama watu wanaovuta kamba moja huku na huku. Mwaka 2004 watafiti wa maabara ya Toyota, Japani, walizielekeza chembe upande mmoja. Mchanganyiko uleule ukapanda kutoka pikokulombu 300 hivi kwa nyutoni, kipimo cha umeme unaotoka kwa kila nguvu ya kubana, hadi 416.

Siri ni violezo: vibamba vya niobati ya sodiamu, vipana kuliko unene wake mara nyingi. Hapa ndipo kazi ilipo, maana fuwele ya aina hii hupenda kukua kama kijisanduku, si kama kibamba. Kwa hiyo tunaanza na kemikali nyingine, yenye metali ya bismuthi, ambayo kwa asili hukua bapa. Tunaikuza kemikali hiyo ndani ya chumvi iliyoyeyuka, chumvi hii hii ya jikoni, inayoyeyuka kwenye nyuzi 801. Kisha tunaitoa bismuthi na kuingiza sodiamu mahali pake. Kemia inabadilika, umbo linabaki. Kila nikiliona kwenye hadubini nafurahi upya.

Vibamba hivyo, kiasi kidogo tu, huchanganywa na unga laini na gundi hadi upate uji mzito kama bushera. Uji humwagwa juu ya plastiki, kisu kikapita juu yake na kuacha mwanya mwembamba. Mkondo unaopita chini ya kisu ndio unaolaza vibamba, kama majani yanavyolala majini. Ukikauka unaubandua kama utando wa maziwa, unapanga tabaka juu ya tabaka, unabana, unachoma. Tanurini kila kibamba hula chembe ndogo zilizokizunguka na kuzipa mwelekeo wake. Kilicholala vibaya nacho hukua vibaya vilevile, moto haurekebishi.

Nililijua hilo kwa hasara. Mara ya kwanza nilitia vibamba pamoja na unga kwenye kinu kinachosaga kwa mipira migumu, kikazunguka usiku kucha. Eksirei, ambayo mchoro wake huwa na kilele kwa kila upande ambao chembe zimetazama, ikaonyesha vilele vya kila upande, sawa na seramiki isiyopangwa kabisa. Mipira ilikuwa imevisaga vibamba vyote.

Mara ya pili nilisaga unga peke yake, vibamba nikavitia mwisho na kukoroga polepole kwa mkono. Safari hii vilele vya upande tuliotaka vilisimama virefu, vingine vimelala karibu na mstari.