Je, kubadilisha fimbo ya gofu kunaingiza mpira shimoni?

Machi 2024, Scottie Scheffler, mchezaji namba moja wa gofu duniani, alifika kwenye mashindano ya Arnold Palmer kule Florida akiwa na pata mpya. Pata ni ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni ukishafika kwenye grini, yaani uwanja laini unaozunguka shimo. Aliyokuwa akiitumia zamani ilikuwa bapa, yaani kichwa chembamba kama kipande cha rula. Hii mpya ilikuwa ya aina ya nyundo: kichwa kipana, kimetanuka kwa nyuma. Akashinda kwa tofauti ya mapigo matano. Wiki iliyofuata akashinda mashindano ya The Players, na Aprili akatwaa Masters, moja ya mataji makubwa ya gofu.

Mjomba wangu, aliyebeba fimbo za watu miaka mingi akiwa kedi Dar es Salaam kabla ya kurudi Tanga, aliniuliza swali moja tu: "Mjomba, ile fimbo ndiyo iliyomshindia?" Nikamjibu bila kusita kwamba ndiyo. Nilikuwa na maelezo yangu tayari, na yalikuwa na makosa.

Nilimpa mfano wa ngalawa. Mtumbwi mtupu ukiinama kidogo unayumba, lakini ukiufunga matengo kila upande unatulia, hata upepo ukichafuka. Basi nikasema nyundo ni ngalawa na bapa ni mtumbwi: kichwa kipana hunyoosha pigo lililopinda. Watu wengi wanaamini hivyo, na matangazo ya madukani yanauza imani hiyo hiyo.

Mfano wa ngalawa ni mzuri, ila si wa jambo hili. Chombo kikiinama, tengo linalozama husukumwa juu na maji na kukirudisha chombo mahali pake. Pata haina maji ya kuirudisha. Uso wake ukitazama kushoto wakati wa kugusa mpira, mpira utakwenda kushoto, uwe umeshika bapa au nyundo. Na kichwa kipana kikishaanza kugeukia kushoto ni kigumu zaidi kukirudisha, kwa sababu kinakataa kugeuzwa na mkono wako kama kinavyokataa kugeuzwa na mpira. Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani kichwa kinajua shimo liko wapi.

Mwaka 2008 mtafiti Jon Karlsen na wenzake walichapisha vipimo vya wachezaji wa kiwango cha juu waliopiga mipira ya umbali wa takriban mita 4. Walitaka kujua ni kitu gani kinachoupeleka mpira pembeni. Asilimia 80 ilitokana na pembe ya uso wa pata, asilimia 17 njia ambayo pata ilipita, na asilimia 3 tu mahali mpira ulipogusa kwenye uso. Umbo la kichwa linafanya kazi yake kubwa kwenye hiyo asilimia 3. Walikuwa wachezaji hodari, kwa hiyo anayeanza, ambaye mpira wake hugusa huku na kule, sehemu yake inaweza kuwa kubwa zaidi. Lakini hata ukiizidisha mara tatu, pembe ya uso bado iko mbele kabisa.

Na pembe haisamehe. Shimo la gofu lina upana wa sentimita 10.8, hivyo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Ukisimama mita 3, kosa la digrii moja tu linaupeleka mpira sentimita 5 na kidogo pembeni. Digrii moja kwa macho ni kama hakuna.

Sasa, kama kichwa kipana hakinyooshi, kinafanya nini? Fikiria mtu anayebeba maji kwa mzega, mti begani na dumu la lita 20 kila ncha. Jaribu kumsukumia ncha moja ya ule mti. Hauzunguki kirahisi; unasikia kabisa mkononi jinsi unavyokataa. Mwambie asogeze madumu yote mawili karibu na shingo, kisha sukuma tena ncha ile ile. Safari hii mti unazunguka. Uzito haujapungua hata tone. Kilichobadilika ni mahali uzito ulipokaa. Ukitoa dumu nusu mita kutoka begani ukalipeleka mita nzima, umbali umekuwa mara mbili, lakini ukaidi wa kuzunguka umekuwa mara nne. Ndiyo maana nyundo nyingi zimetobolewa katikati na vyuma vyake vimesukumwa pembeni na nyuma: fundi anatafuta ncha za mzega.

Mpira ndio mkono unaosukuma. Ukigusa katikati ya uso, unasukuma begani, na pata yoyote itatulia. Ukigusa karibu na ncha, unaisukuma ncha nyuma. Bapa lenye uzito wake karibu na kati linajipinda, na nguvu iliyotakiwa kwenda kwenye mpira inapotelea kwenye kule kujipinda. Mpira unatoka dhaifu na kuishia njiani. Nyundo haijipindi sana, kwa hiyo mpira unafika karibu na pale ulipokusudia. Mgusano wenyewe hauchukui hata elfu moja ya sekunde; uso haupati muda wa kugeuka sana kabla mpira haujaondoka. Ndiyo sababu hasara kubwa iko kwenye mwendo, na mwelekeo unaguswa kidogo.

Aliyelifanya wazo hili kuwa biashara ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway na mhandisi wa General Electric nchini Marekani. Mwaka 1959 alitengeneza pata yenye uzito kwenye ncha zake, ikawa inalia "ping" inapogusa mpira, na mlio huo ukawa jina la kampuni yake. Pata yake ya Anser, ya mwaka 1966, kwa macho ni bapa, lakini uzito wake umepelekwa kisiginoni, yaani upande wa mpini, na nchani. Kwa hiyo hata kuzigawa pata kwa bapa na nyundo kunaficha jambo. Kinachohesabika ni uzito uko wapi.

Tulilijaribu mimi na mjomba ufukweni upande wa Raskazone, maji yakiwa yamepwa na mchanga umekaza. Kupiga juu ya mchanga si kituko: viwanja vingi vya gofu Afrika enzi za ukoloni vilikuwa na grini za mchanga uliochanganywa na oili. Tulifukia kopo, tukasugua chaki kwenye mpira, tukawa tunaangalia alama nyeupe inayobaki usoni pa pata baada ya kila pigo. Alama zangu zilitembea kuelekea nchani, wakati mwingine kwa upana wa kucha ya kidole gumba. Kwa bapa, alama ikiwa mbali hivyo, mpira ulikata pumzi kabla ya kopo. Kwa nyundo ulifika, lakini ulipita pembeni upande ule ule niliozoea kukosea. Mjomba alikuwa amechuchumaa nyuma ya kopo, akasema, "Umbali umepona, jicho bado."

Kuna sababu nyingine inayofanya pata mpya ionekane ni dawa, na hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Nenda Deep Sea, pale wavuvi wa Tanga wanaposhushia samaki, asubuhi uwasikilize wavuvi. Hakuna anayebadilisha ndoana siku amerudi na ngalawa imejaa. Anabadilisha baada ya usiku mitatu mitupu. Usiku wa nne akipata samaki wa kawaida, sifa zinakwenda kwa ndoana, ilhali usiku wa kawaida ndio uliotarajiwa hata kwa ndoana ya zamani. Mcheza gofu naye habadilishi pata siku mipira inaingia. Anabadilisha akiwa chini kabisa ya wastani wake, na kutoka huko njia ya kawaida ni kupanda, hata angeendelea na ile ya zamani.

Turudi kwa Scheffler. Mwaka 2023 alikuwa wa 162 kwenye orodha ya ubora wa kupiga pata katika ligi ya Marekani. Mwaka 2024 akawa wa 77. Ni hatua kubwa, lakini bado ni katikati ya orodha. Mataji yalimjia zaidi kwa mapigo yake ya mbali, ambayo hakuna aliyemfikia. Tena tangu 2023 alikuwa ameanza kufundishwa na Phil Kenyon, mwalimu wa pata. Ukibadilisha fimbo na mwalimu kwa karibu, huwezi kumpa mmoja sifa zote. Upande wa pili yuko Tiger Woods, aliyetwaa mataji makubwa 14 kati ya 15 kwa bapa lile lile.

Na imani nayo? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwapa watu 41 pata moja, nusu wakiambiwa iliwahi kuwa ya bingwa Ben Curtis. Walioambiwa hivyo waliliona shimo kubwa zaidi na wakaingiza mipira mingi zaidi. Napenda sana jaribio hili, ila naliegemea kwa tahadhari: watu 41 ni wachache, na jaribio jingine linalofanana nalo, la kuwaambia watu kwamba mpira wao una bahati, liliporudiwa na watu wengi zaidi mwaka 2014 halikuleta tofauti.

Kama unataka kujua pata ipi inakufaa, anza na chaki. Piga mipira 20 kutoka mita 3 bila kubadilisha chochote, kisha angalia alama. Zikiwa zimetawanyika, nyundo itakusaidia, hasa kwenye mapigo marefu. Zikiwa zimekusanyika katikati na mpira bado unapita pembeni, tatizo ni pembe. Hapo mjomba hutandaza kamba mbili mchangani, zimeachana kwa upana wa kichwa cha pata, na kukufanya upige katikati yake mpaka maji yajae.