Sindano safi gerezani humkinga askari pia
Nikizungumzia kuwapa wafungwa sindano safi, askari magereza huniuliza: daktari, si ndiyo unawapa silaha? Nawatibu waraibu wa heroini hapa Mbeya, na swali hilo naliheshimu.

Gereza lililopenyezwa unga hupenyezwa pia bomba la sindano. Bomba hilo moja huzunguka kwa wengi, likiwa butu hunolewa sakafuni, kisha hufichwa kwenye godoro. Siku ya upekuzi, mkono wa askari ndio unaokutana nalo. Kwetu Nyanda za Juu hatari hiyo ni kubwa: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Virusi vya homa ya ini C navyo vinaweza kukaa hai ndani ya bomba kwa wiki kadhaa.

Uswisi walianza 1992. Franz Probst, daktari wa gereza la Oberschöngrün, aligawa sindano bila kibali, na mkuu wa gereza alipojua hakumfukuza, alimsikiliza. Mwaka 1994 gereza la wanawake la Hindelbank liliweka mashine: unaingiza bomba lililotumika, linatoka jipya. Kwenye mipango mingi bomba hukaa mahali maalumu panapojulikana, hivyo askari hapapasi gizani. Shirika la Afya Duniani lilipopitia mipango hiyo halikukuta taarifa ya mtu kushambuliwa kwa sindano zilizogawiwa. Ujerumani, wanasiasa walipofunga mipango kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, miongoni mwa waliopinga walikuwamo askari wenyewe.

Tanzania bado hatujafika huko. Tuna methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza kiu ya heroini, iliyoanza Muhimbili 2011, na sasa inatolewa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo ninachokipigania kwanza ni dozi kumfuata mgonjwa mahabusu. Akiikosa, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, humbana haraka, na hapo bomba la mwenzake halikataliki. Kanuni za Nelson Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinataka mfungwa apate matibabu sawa na ya uraiani, na tiba ya uraibu imetajwa humo waziwazi.

Ndugu mwenye mgonjwa wa methadoni, akikamatwa usione aibu. Wahi kliniki siku hiyohiyo, utuambie yuko kituo gani.