Wezi wa Majumbani: Tunayoyaamini na Ukweli Wenyewe

"Mwizi huja usiku wa manane." Kwa imani hiyo tunakagua komeo mara mbili kabla ya kulala, kisha asubuhi tunaondoka na dirisha la jikoni tumelirudishia tu. Mwizi wa majumbani kwa kawaida hataki kukutana na mtu. Anatafuta nyumba isiyo na watu, na nyumba nyingi hubaki tupu mchana, wakubwa wakiwa kazini na watoto shuleni. Saa nne asubuhi inahitaji ulinzi uleule wa saa nane usiku.

"Kitasa cha bei kubwa kinatosha." Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fungua mlango wako wa mbele utazame kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa. Mara nyingi kimeshikiliwa na skrubu mbili fupi zilizoishia kwenye ubao mwembamba. Mlango ukipigwa mateke, kitasa hubaki kizima. Kinachopasuka ni fremu. Mwambie fundi aweke kibati kirefu na kinene, akikaze kwa skrubu za milimita 75 hivi, zipite fremu na kushika mbao nzito au tofali lililo nyuma yake. Ulimi wenyewe uwe ule mnene unaosukumwa kwa ufunguo, utoke kama sentimita 2.5. Ulimi ulioinama, ule unaojirudisha wenyewe mlango ukifungwa, unaweza kusukumwa kwa kipande cha plastiki ngumu.

Wanaotumia kufuli la kuning'inia nao watazame linaponing'inia. Kama vichwa vya skrubu vinaonekana mlango ukiwa umefungwa, mwizi mwenye bisibisi hana haja ya kuligusa kufuli. Bawaba zilizo upande wa nje nazo zina hatari yake, kwa kuwa pini ya kawaida hung'olewa na mlango ukafunguka kwa upande usioutarajia.

"Nondo madirishani zimemaliza kazi." Naomba hili lisomwe kwa makini kuliko yote. Nondo zilizochomelewa moja kwa moja humzuia mwizi, lakini moto ukiwaka sebuleni huwazuia pia watoto waliolala chumbani. Kila chumba cha kulala kinahitaji dirisha lenye grili inayofunguka kwa ndani, ikiwezekana bila ufunguo. Kama lazima iwe na kufuli, ufunguo ukae mahali pamoja siku zote, karibu na dirisha ila mkono wa mtu aliye nje usiufikie. Kisha wajaribuni watoto wakubwa waifungue gizani. Asiyeweza, grili yake ibadilishwe.

"Ukuta ukiwa mrefu, tuko salama." Ukuta mrefu usiopenyeza macho humficha mwizi akishauruka. Ndani yake anavunja dirisha kwa utulivu na jirani haoni chochote. Ua unaoonyesha ndani, pamoja na vichaka vilivyopunguzwa chini ya madirisha, humnyima hayo maficho.

Kamera nazo zinasifiwa kupita kiasi. Kamera inaweza kumtia mwizi wasiwasi na kusaidia polisi baadaye, lakini haizuii mlango mbovu kufunguka. Ukiinunua, badilisha nywila iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Na ufunguo wa akiba chini ya zulia la mlangoni au chungu cha maua, kila mwizi anapajua. Mpe mtu unayemwamini.

"Wameshaiba, hawatarudi." Wanaweza kurudi, na wakirudi mara nyingi ni ndani ya wiki chache. Wanaijua njia, wanajua kilichobaki, na wanakisia kwamba televisheni mpya imeshanunuliwa. Jambo hili lilifanyiwa kazi katika mtaa wa Kirkholt, mjini Rochdale, Uingereza, miaka ya 1980. Nguvu zilielekezwa kwenye nyumba zilizokwisha kuibiwa: milango na madirisha yakaimarishwa upesi, na majirani wa karibu kabisa wakaombwa kuziangalia nyumba hizo. Wizi wa majumbani ulipungua sana mtaani humo. Kwa hiyo siku ya kuibiwa ndiyo siku ya kumwita fundi, na ya kubisha hodi kwa jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma.

"Mwenye nyumba lazima apambane." Hapana. Televisheni inanunulika tena. Ukirudi ukakuta mlango umevunjwa, usiingie. Rudi nyuma, uite polisi na majirani. Ukisikia mtu ndani usiku, kusanya familia katika chumba kimoja chenye komeo imara upande wa ndani, piga simu, piga kelele za kuamsha jirani, na umwachie mwizi njia ya kutokea. Chumba hicho mkichague leo, watoto wakijue, na simu yenye chaji ilale humo kila usiku.