Kikokotoo cha programu kinatosha kuwa kompyuta ya mfukoni?

Vijana wanaokuja kujifunza upimaji ardhi hapa Mtwara hunishangaa: simu unayo, laptopu unayo, hicho kikokotoo cha nini tena? Nawajibu kuwa hiki nacho ni kompyuta, ila ya maswali mafupi.

Ukompyuta wake hauna ubishi. Kikokotoo cha HP-65 cha mwaka 1974 kilisoma programu kutoka kwenye vikadi vya sumaku, na mwaka 1975 wanaanga wa Marekani walikibeba kwenye safari ya angani ya Apollo-Soyuz. Kikokotoo cha aina hii kinahifadhi maagizo, kinakumbuka namba, kinaamua: jibu likiwa hasi fanya hivi, vinginevyo fanya vile. Basi, kompyuta ni hiyo.

Mimi natumia Casio fx-5800P. Kumbukumbu yake ni baiti 28,500; picha moja ya WhatsApp haiingii humo. Kioo kinaonyesha mistari minne ya herufi 16, na chakula chake ni betri moja ya AAA. Lakini nenda nayo Newala saa saba mchana. Simu inapata moto, kioo hakionekani, chaji inakimbia. Kioo cha kijivu kisicho na taa, jua likizidi ndipo kinasomeka vizuri.

Tuseme nina koordineti (namba za kuonyesha mahali) za bikoni mbili, yaani alama za mpaka, nataka umbali na beringi, yaani pembe ya uelekeo kutoka moja kwenda nyingine. Kitufe cha Pol( hupokea X kisha Y, na pembe yake huanzia mhimili wa X. Wapimaji tunaanzia kaskazini, kwa mwendo wa saa. Kwa hiyo naingiza tofauti ya kaskazini kwanza, ya mashariki baadaye, mambo yanajipanga yenyewe: herufi ya kumbukumbu I inabeba umbali, J inabeba beringi. Weka −30 na −40. Umbali ni mita 50, J ni −126.87. Ikiwa hasi, jumlisha 360: nyuzi 233.13. Programu yake ni mistari michache tu.

Eneo la shamba ndilo linalonifurahisha zaidi. Wengi hudhani shamba la mikorosho lenye kona 40 linahitaji kumbukumbu kubwa. Wapi! Unahitaji kukumbuka pointi ya kwanza, iliyotangulia, ya sasa, na jumla inayoendelea. Kila hatua unazidisha kimkingamo (X ya pointi moja mara Y ya nyingine, kisha kinyume chake), unatoa, unaongeza kwenye jumla. Ukirudi kwenye kona ya kwanza, unagawanya kwa 2. Herufi saba za kumbukumbu zinatosha hata kona zikiwa mia. Ila angalizo: koordineti za kaskazini za huku kwetu ni milioni nane na ushee, na ukizizidisha hivyohivyo tarakimu za mwisho zinaanza kumegeka. Toa kwanza pointi ya mwanzo kwenye kila pointi, ubaki na namba ndogo.

Kinapokwama ni kwenye kuingiza namba, wala si kwenye kuhesabu. Mashine ya kupimia ikishajaza mamia ya pointi, hakuna mwenye akili atakayezibofya moja moja kwa kidole. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, mpaka umehamia kwa jirani. Na fx-5800P huzungumza na pacha wake tu kwa waya, kompyuta haiijui. Kuchora ramani ndiyo usahau kabisa.

Vipo vipya vinavyoendesha Python, lugha ya kuandikia programu: NumWorks, Casio fx-CG50, TI-84 Plus CE Python. Vina rangi na vinachomekwa kwenye kompyuta. Ni vizuri kwa kujifunzia, lakini kwa kazi yangu vikifika hapo nachukua laptopu.

Wazazi, msimnunulie mtoto kikokotoo cha programu kwa ajili ya mtihani wa kidato cha sita. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huruhusu visivyo na programu.

Anayetaka kuonja kabla ya kutoa hela apakue Free42, programu ya bure inayoiga HP-42S ya mwaka 1988 kwenye simu. Aanze na hiyo ya eneo: mraba wa mita 100 kwa 100 ukileta 10,000, aongeze kona.